Mustari Mwekundu wa Marcellin

Wanaosema piloti anasoma namba wakati ndege inakimbia ni watu wanaoijua ndege kwa kuiangalia ikiwa juu. Mimi Faradji niliifuta vumbi miaka mine pale uwanja wa Kasongo, wakati wa Wabelgiji, na ninasema hakuna nafasi ya kusoma. Motere inalia, kiti kinatetemeka, miti ya mwisho wa uwanja inakuja mbio. Jicho linatupwa mara moja tu kwenye saa inayopima nguvu ya motere, halafu linarudi nje.

Kwa sababu hiyo fundi wetu Marcellin alichora mustari mwekundu juu ya kioo cha ile saa, penye namba ishirini na mbili, yaani motere inazunguka mara elfu mbili na mia mbili kwa dakika. Marcellin alikuwa Mubangubangu kwa kabila, wa upande wa Wamaza, mukubwa wangu kwa miaka, nilimwita yaya, yaani kaka. Kabla ya kuruka, piloti alishika breki na kufungua esansi yote, mafuta ya motere. Sindano ikifika kwenye mustari, nguvu iko, aende. Isipofika, azime, ashuke. Uwanja wetu ulikuwa mufupi, hauna huruma na motere iliyochoka.

Piloti wetu, muzungu, tulimwita Bwana Haraka. Asubuhi moja ya mwaka 1956 alipaswa kumupeleka Albertine, mukunga wa hospitali yetu, mupaka Kabambare, kwa mwanamuke aliyeshindwa kuzaa siku mbili. Alinigombeza kwamba vioo vya saa za ndege viko na vumbi. Nikachukua kitambaa, nikasugua kwa hasira, maana mimi nikigombezwa sina kiasi. Kioo cha ile saa kilikuwa kimelegea kwenye pete yake. Kikazunguka chini ya kidole changu, na mustari ukazunguka nacho.

Nilijua. Siwezi kusema sikujua. Nilijaribu kukirudisha, kikakwama, mustari ukabaki kwenye ishirini. Marcellin alikuwa kwenye mapipa ya esansi, hatua thelathini tu, kumwita ilikuwa kazi ya kufungua mudomo. Lakini sisi wafuta vumbi tulikatazwa kugeuza kitu chochote kwenye saa, na Bwana Haraka alikuwa ameniambia kosa moja tena, ananifukuza kazi. Nikajidanganya: motere ni nzima, itafika ishirini na mbili kama kila siku, nani ataona? Jioni nitamwambia yaya atengeneze.

Siku ile ile uchafu wa pipa ulikuwa umeingia kwenye njia ya esansi. Uchafu unaweza kuingia kwenye motere yoyote, ndiyo maana tunaangalia sindano. Ilipanda mupaka ishirini, ikasimama juu ya mustari. Bwana Haraka aliona nyekundu tu, hakusoma namba, akaachia breki. Mimi nilikuwa pembeni, nikisikia kabisa kwamba sauti ya motere iko chini, nikanyamaza. Ndege ilikula uwanja wote, ikanyanyuka kidogo, ikapiga miti. Bwana Haraka alivunjika mukono. Albertine alikufa palepale. Habari ya yule mwanamuke wa Kabambare sikuiuliza hata siku moja, niliogopa kujibiwa.

Wazungu wa uchunguzi walikuta mustari uko kwenye ishirini. Nani aliuchora? Marcellin. Tuliulizwa sote mbele yake: "Iko mutu amegusa hii kioo?"

"Hapana, Bwana," nilisema.

Marcellin aliangalia mikono yake. Wakamufukuza kazi, wakamurudisha kwao Wamaza.

Kikulacho ki nguoni mwako, na kwa Marcellin mududu huyo alikuwa mimi. Tena mududu mwenye zawadi! Miaka miwili, kila nilipopata nafasi kwenye kamyo ya mizigo inayokwenda kwao, nilimupelekea chumvi na sabuni. Bibi yake wa ndoa, Victorine, alikuwa ananibariki. "Wengine wote walimutupa," alisema, "umebaki weye tu, shemeji." Nikala sombe yake, majani ya muhogo, kwa aibu.

Safari ya mwisho nilikuta baiskeli ya jirani imelala mulangoni, cheni imekatika. Marcellin, fundi wa motere za ndege, alikataa kuigusa.

"Sitaki," aliniambia. "Ule mustari niliupima mara tatu, Faradji, piloti mwenyewe akiwa kwenye kiti. Nilikuwa na hakika. Kama mukono wangu ulikosa na hakika yote ile, nitauamini tena kwa kitu gani? Nilimuua Albertine. Hapana kuniletea baiskeli ya mutu."

Hapo nikashindwa. Nikamwambia yote: kitambaa, pete, kidole changu, na ile hapana niliyowajibu wazungu. Nikafumba macho kungoja ngumi, na Wallahi niliitaka.

Haikuja.

"Unasema kioo kilizunguka?" aliuliza.

"Ndiyo, yaya."

"Basi mustari wangu ulikuwa mahali pake."

"Ulikuwa mahali pake."

Nilipofungua macho, alikuwa anacheka huku machozi yanamutoka. Akamwita Victorine kutoka jikoni. Nilitamani anitukane, anifukuze, anitemee mate. Alinishika mabega kwa mikono yote miwili, akanigeuza nimuangalie bibi yake.

"Mwambie na yeye," alisema. "Anza mwanzo. Polepole."