Kifuniko cha Bustani Yetu

Tangu asubuhi dada yangu Wakio alikuwa dirishani, anauma pindo la leso, anauliza tena na tena kama fundi amemaliza. Na fundi alikuwa pale pale mbele ya macho yake, amepiga magoti kwenye maua ya Mama, anabomoa.

Wageni wa Mahoo walikuwa wanakuja jioni na treni ya Taveta. Ni watu wa Crispus, yule anayetaka kumwoa Wakio. Walishakuja mara moja, wakaondoka bila kugusa chai, na sababu ilikuwa kile kifuniko.

Nyumba yetu hapa Voi ni ya reli, kwa vile Baba ni karani wa stesheni. Maji machafu ya nyumba, ya choo pia, yanapita kwa bomba chini ya bustani, na katikati kuna shimo la kuchungulia bomba likiziba. Limefunikwa na chuma. Waliojenga waliliacha limeinuka juu ya nyasi, wakalizungushia simiti, karibu linifike magotini. Sisi tulizoea, Mama huanika sufuria hapo. Lakini siku ile shangazi yake Crispus, Mama Dinah, alipoliona alisimama, akashusha sauti kama mtu yuko matangani.

"Poleni," akasema. "Huyu mdogo ni wa nani?"

Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya Mama. Mama akadhani anaulizwa juu yangu.

"Ni wetu," akajibu. "Kitinda mimba."

"Na hii hapa, ni nini?"

Hapo Mama akaona haya. Nani anaweza kuwatajia wakwe choo kabla hata hawajakaa? Akasema, "Ah, ni kitu cha nyumba tu."

Mama Dinah akamtazama Wakio, akatazama ile simiti, akasema wamekumbuka safari.

Baadaye tukasikia maneno kutoka Mahoo. Eti Wakio alishazaa, mtoto akafa, tukamzika mbele ya mlango na tukanyamaza. Crispus aliwasihi sana watu wake. Wakakubali kuja tena, mara ya mwisho.

"Basi kishushwe," Baba akasema. "Wakikuta nyasi tupu, maneno yataisha."

"Na wakiuliza kaburi limeenda wapi?" Mama akauliza.

Baba akainua gazeti.

Ndiyo akaitwa fundi Musyimi, Mkamba wa mtaa wa Kaloleni. Aling'oa kifuniko na fremu yake kwa mtaimbo, akavunja simiti kwa tindo, akatoa matofali ya juu. Ilibaki kuchimba kidogo pembeni, kurudisha fremu, kupima kwa pima-maji na kukandika kwa simiti mbichi aliyokwisha koroga pembeni ya shimo. Lakini ile simiti ya zamani ilikuwa ngumu kama roho mbaya.

"Fundi, treni," Wakio akaita dirishani.

"Dada, simiti haikimbizwi."

Treni ikapiga honi. Mama alikuwa ameingia na kutoka hata chai ikamwagikia moto. Baba akajifunga tai, akaifungua, akaifunga tena. Mara tukawaona langoni, Mama Dinah mbele, na nyuma yake kaka yake Ambrose amebeba mkungu wa ndizi begani.

Mama Dinah akaona shimo wazi. Akaona na rundo la udongo mbichi.

"Mnafukua," akasema.

Baba akarudisha mkono kwenye tai.

"Ambrose, usitue huo mzigo." Akamgeukia Baba. "Hata sisi kwetu wazee walifukua wafu wao, tunajua. Lakini walingoja, na waliita ukoo wote. Nyinyi Wadawida wa Taita mnamfukua mtoto haraka haraka tusimwone, tena mnamwita Mkamba?"

"Mimi nimeitwa kwa simiti, mama," Musyimi akasema. "Mfupa sijaona hata wa kuku."

Baba alifungua mdomo. Nilimwona anatafuta neno, na neno lilikuwa moja tu, na halikutoka. Mama alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Ndani Wakio alishaanza kulia. Mama Dinah akageuka aende zake.

Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Hata darasani mwalimu akinitaja, sauti inapotea. Sijui miguu ilinipelekaje bafuni. Palikuwa na ndoo ya maji ya sabuni ambayo Mama alikuwa ameoshea vyombo. Nikaimwaga yote kwenye tundu la maji machafu, nikarudi mbio.

"Shangazi, chungulia."

"Nichungulie nini?"

"Chungulia tu, tafadhali."

Akachungulia kwa jicho moja, mkono kifuani. Chini maji yakaja na povu, na maharagwe ya jana, yakapita yakaenda zao. Kisha harufu ikapanda.

"Ni maji ya kuoga," nikasema. "Na ya vyombo. Na ya choo."

Mama akashika kichwa.

"Choo?" Mama Dinah akauliza.

"Ndiyo, shangazi. Mama aliona haya kukutajia."

Mama Dinah akachungulia tena. Halafu mabega yakaanza kutetemeka, nikadhani analia.

"Ambrose," akasema, "mimi nimeombea choo kanisani."

"Tena ulipiga magoti," Ambrose akasema. "Mimi ukaniambia nifunge, nisile."

Mama Dinah akajifuta macho kwa kanga. Alipoinua uso hakuwa anacheka tena.

"Niitieni huyo binti," akasema. "Nilimsema vibaya kwa watu, na lazima nimwombe msamaha mwenyewe. Lakini ndani, si hapa kwenye shimo."

Wakio akafungua mlango kabla hajaitwa, uso umevimba. Mama Dinah akamshika mkono, wakaingia.

Baba bado alikuwa amesimama, mdomo wazi.

"Mzee," Musyimi akamwambia pole pole, "toa kiatu. Umekanyaga simiti yangu."