Ruzuku ya Baba

Baba alikufa mwishoni mwa Aprili. Katikati ya Juni ukaingia ujumbe kwenye simu yake, ile simu ambayo hakuna kati yetu aliyekuwa na moyo wa kuizima.

Kaka yangu Jaifar ndiye aliyeusoma, amesimama mlangoni kwa mama huku jasho linamtiririka. Ombi la Bwana Amur la ruzuku ya viyoyozi limekubaliwa. Mashine tatu za zamani nyumbani kwake Mabela zitaondolewa, zitafungwa mpya zinazokula nusu ya umeme, na kwa kuwa mwenye nyumba ni mstaafu wa pensheni ndogo, hatalipa kitu. Lililobaki ni ukaguzi tu. Mkaguzi atakuja Jumatano kupiga picha mashine za zamani zikiwa ukutani, na mtu mzima yeyote wa nyumba hiyo atatia saini.

"Alhamdulillahi," mama alisema kutoka kitandani. "Yumo kaburini na bado anatuhangaikia."

Fikra ile baba aliipata kwa mpwa wake Safwan, anayeishi Norway. Safwan alimtumia video ya mashine iliyozungukwa na theluji, inavuta joto kwenye hewa ya baridi na kuliingiza ndani, na serikali ya huko ikamrudishia sehemu ya bei. Baba alicheka mpaka akavua miwani. "Wenzetu wanalitafuta joto kwenye barafu, sisi tunalo la kutupa!" Kisha akakaa siku mbili akitafuta kama na huku kwetu jangwani kuna mpango wa namna hiyo, akaupata, akajaza fomu mwenyewe. Mwezi mmoja baadaye tulimzika.

Mama alikuwa kwenye eda. Miezi minne na siku kumi mjane hukaa nyumbani kwa mumewe, hatoki ila kwa dharura, hajipambi, na kwa tulivyolelewa sisi, mwanamme asiye maharimu wake, anayeweza kumwoa, hamwoni. Ila mama alikuwa na moyo dhaifu, na daktari alitwambia wazi kwamba joto litamuua. Mashine mbili kati ya tatu zilikuwa zimekufa zamani. Ya chumbani kwake ilidondosha maji kuliko ilivyotoa baridi, na fundi alisema ikifika Julai tushukuru. Mpya hatukuwa na uwezo wa kununua. Jaifar alipunguzwa kazini mwaka jana, na pensheni ya baba ilisimama ikingoja hati ya warithi, ambayo haitoki bila saini za ndugu zetu wa baba mmoja walioko Unguja.

Shangazi Khulood alikuja na gari kumchukua mama ampeleke kwake Bawshar, kwenye villa yenye baridi kila chumba. Mama alimshukuru, akakataa.

"Nnamaliza eda yangu kwa mume wangu, Khulood. Siku ikifika ntatoka kwa miguu yangu."

Usiku ule nilimwuliza Jaifar tutawaambiaje watu wa ruzuku.

"Tuwaambie nini?"

"Kwamba baba hayupo."

"Wamesema wanataka kumwona baba? Wanataka kuona AC. Aliomba akiwa hai, nyumba yake, jina lake, haki yake."

"Si uongo lakini?"

"Uongo ni kusema. Sisi hatusemi kitu. Na we Hadeel ndo bingwa wa kutosema kitu, hii kazi umezaliwa nayo."

Nilicheka kidogo. Alikuwa sahihi. Chuoni nilipata alama nzuri katika kila somo, isipokuwa lile la kusimama mbele ya watu.

Siku mbili kabla ya ukaguzi, mleta gesi aliukuta mlango wa uani uko wazi, akaingia na mtungi begani. Mama alikuwa anatoka msalani. Yule mtu aliinamisha macho papo hapo na kuomba radhi, lakini mama alirudi chumbani akajifungia, na nilipompelekea chai nilimkuta analia. Sikumwuliza kitu. Nilikaa ukumbini nikamfikiria mkaguzi, mwanamme na kamera yake, akisimama kwenye chumba kile kile, kando ya kitanda kile kile, anapiga picha ukuta. Nikaona kuna jambo dogo ninaloweza kumfanyia mama yangu bila kumsumbua.

Nikapiga simu. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi ili nisibabaike.

Aliyepokea alikuwa mwanamke, sauti yake laini kama ya mwalimu wa watoto. Nilimpa namba ya ombi, nikamwomba, kama inawezekana, tuletewe mkaguzi wa kike.

"Inawezekana, mwanangu. Wapo wawili tu, kwa hivyo mtangoja wiki moja zaidi. Niandike sababu gani?"

Hilo sikuliandika kwenye karatasi.

"Mama yangu amekaa eda."

"Lahaula! Poleni sana. Nani amefariki?"

"Baba."

Vidole vyake vilikuwa vikigonga kompyuta. Vikasita.

"Baba yako… ndiye huyu Amur mwenye ombi?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kukata simu. Badala yake nilianza kulia, na yule mama akaningoja nilie mpaka mwisho.

"Ungenyamaza tu, binti yangu," alisema polepole. "Simu hizi zinarekodiwa. Nikiliacha ombi hili lipite, kazi sina. Leteni hati ya warithi, muombe upya kwa jina jipya."

"Tutawahi?"

"Maombi yanafungwa mwisho wa mwezi huu. Yatafunguliwa lini tena, Allah ndiye ajuaye."

Jaifar nilipomsimulia alikaa kwenye kiti kama aliyesukumwa.

"Nani alikutuma upige simu?"

"Hakuna."

"Maisha yako yote, Hadeel! Hupigi simu hata kuagiza wali! Hii ndo umeona uipige?"

Aliingia kwa mama, nikamsikia akisema serikali imegundua yenyewe, siku hizi mtu akifa kompyuta zao zote zinajua. Hakunitaja.

"Basi," mama alisema. "Ilikuwa riziki ya mwenyewe, kaondoka nayo."

Tulihangaika na feni, na kanga zilizoloweshwa, na mifuko ya barafu kutoka duka la kona. Mashine ilizimika tarehe nne Julai, Ijumaa, wakati Jaifar yuko msikitini. Ilitetemeka mara moja, basi. Jaifar alizunguka mpaka akapata iliyotumika, ya kuletwa Jumapili. Tulimwomba mama twende Bawshar kwa siku mbili hizo tu. Alisema siku mbili si kitu.

Jumamosi alasiri nilitoka kununua barafu. Niliporudi nilimkuta sakafuni, ubavu kwenye vigae, labda akitafuta ubaridi wake. Ngozi ilikuwa kavu na inaunguza. Aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa Pemba. Watu wa ambulansi walikuwa wanne, wanaume wote. Nilimfunika kichwa kwa kanga, na mmoja wao akaiondoa taratibu, akaomba radhi, ili amwekee oksijeni.

Alilala hospitali siku kumi na moja. Alitoka na mkono wa kushoto usionyanyuka na ulimi mzito, na daktari akatukataza kumrudisha Mabela kabla joto halijapungua. Kwa hivyo yuko Bawshar kwa shangazi Khulood, kwenye chumba cha wageni chenye mapazia mazito na baridi kali mpaka anavaa sweta. Shekhe alituhakikishia kwa simu kwamba hiyo ni dharura, hana dhambi yoyote. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Najua." Tangu hapo hali chakula ila akilishwa.

Watu waliokuja kumtazama walilaani mashine, walilaani serikali, walilaani ndugu wa Unguja kwa saini zao. Kila mmoja alinisifu kwa kumwuguza mama. Nilivumilia siku nne. Siku ya tano, shangazi akiwa ameenda kuswali, nilifunga mlango nikamweleza mama yote. Nilimwambia juu ya mleta gesi, na simu, na ombi langu la mkaguzi wa kike ili asije mwanamme akasimama karibu na kitanda chake.

Alinitazama usoni. Sikuona hasira, na nilikuwa naitafuta.

"Ungeniuliza, mwanangu," alisema. Maneno yalimtoka mojamoja, kama anayatafuta gizani. "Mtu wa picha… dakika kumi. Ningekaa jikoni."

Akageukia ukutani kwa mkono wake mzima. Eda ilikuwa imebakiza siku arubaini na tatu.