Gurami wa Ukumbini

Nyumba ina vyumba sita vyenye wenyewe, na cha saba hakina mwenyewe, ila wote wanakaa humo. Umeshindwa? Nipe mji. Haya, nimekwenda Bagamoyo, nimekula nikashiba, nimerudi. Jibu ni ukumbi.

Katika nyumba moja ya Gerezani, ukumbini palikuwa na tangi la kioo la kufugia samaki. Alilitengeneza marehemu Abbasi, fundi wa karakana ya reli, kwa vioo vya madirisha ya behewa bovu. Alipolimaliza aliliweka pale kati akasema, "Hili ni la ujamaa. Apitaye atazame." Na watu walitazama. Jua la alasiri likiingia kwa mlango wa uani lilipita majini, likachora mawimbi darini, na mtu aliyekuwa akikimbilia bafuni alijikuta kasimama na ndoo yake mkononi, hajui tena alikuwa anakwenda wapi.

Abbasi akafariki. Bi Kuruthumu, mjane wake, alikaa eda chumbani miezi minne na siku kumi, na kazi ya kulisha samaki akamwachia Severa wa chumba cha tatu, mama wa Kichaga muuza ndizi. Alipotoka, katika samaki saba alimkuta mmoja tu: gurami mkubwa wa buluu, ambaye Abbasi alimwita Stesheni kwa vile alivyopenda kukaa mahali pamoja akitazama wengine wakipita.

Bi Kuruthumu hakugomba. Alisema tu, "Ulikuwa unawatilia nini humu, mwanangu?" Neno hilo Severa alilibeba kifuani wiki mbili nzima, zito kama jiwe la figa.

Nyumba ikakata shauri waongezwe samaki wengine. Bi Kuruthumu alikubali kwa sharti moja: awachague mwenyewe, tena wapole watupu. Stesheni amezeeka, mapezi yamechanika, na ndiye kiumbe wa mwisho aliyewahi kula vidoleni mwa Abbasi. Akitiwa mkorofi akamuua, yeye atabakiwa na nini cha mumewe? Kofia na harufu ya grisi.

"Tutakwenda wote," Severa alisema, akijifunga kitenge. "Nisije nikaambiwa tena."

Walikwenda Kariakoo kwa miguu. Soko jipya lilikuwa bado linajengwa, na paa lake la zege lilifunguka juu ya watu kama miavuli iliyopinduliwa na upepo. Kando ya hapo alikuwapo Isidori, fundi wa redio mwenye kufuga samaki. Kibanda chake kilikuwa na kiza baridi. Rafuni chupa za samaki zilipangwa katikati ya redio zilizopasuliwa matumbo, na redio moja nzima iliimba taarabu kwa sauti ndogo, samaki wakipepea taratibu kana kwamba wanaisikiliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nataka gurami wapole, wa kukaa na mzee wangu bila kumsumbua."

Isidori akashusha chupa mbili. Ya kwanza ilikuwa na samaki wa rangi ya shaba, kajibanza chini, kimya, kama mtu aliyeinamisha kichwa. Ya pili ilikuwa na wawili waliotapakaa vitone vyeupe mwili mzima kama lulu, na hao hawakutulia. Kila mmoja alikuwa na nyuzi mbili ndefu zinazoning'inia kifuani, na kwa nyuzi hizo waligusa kioo, wakagusana, wakaja wakagusa pale alipoweka kidole Bi Kuruthumu.

Sasa, Bi Kuruthumu alikuwa kungwi. Wari wangapi wamepita mikononi mwake, akawafunda hadi wakaolewa! Jicho lake lilijua: mwali mwema huangalia chini.

"Huyu aliyejiinamia ndiye wangu," alisema. "Ana haya. Hao wengine wameniparamia kabla hata ya salamu."

"Mimi naona kanuna," alisema Severa.

"Wewe hujui wari."

"Wari sijui, Bi. Kununa nakujua, nina mume."

Isidori akacheka, akatoa kioo cha kujitazamia, akakisimamisha ubavuni mwa chupa ya kwanza. Yule mwenye haya akaona sura ya mwenzake. Akatanua mapezi, akageuka mweusi, akajipiga kiooni mpaka maji yakaruka.

"Toba!" Bi Kuruthumu akarudi nyuma.

Wale wa lulu walipowekewa kioo, walikuja, wakanyoosha nyuzi zao, wakaigusa ile sura polepole kama kipofu anayepapasa uso wa mgeni, kisha wakaenda zao.

"Hao wanagusa ili wajue ni nani," alisema Isidori. "Na huyo mzee wako nyumbani ni samaki gani?"

Bi Kuruthumu akatabasamu. Hiki alifundishwa na Abbasi. "Kitendawili."

"Tega."

"Ana vitone vitatu. Viwili ni vipofu, cha tatu kinakuona."

"Viwili ubavuni, cha tatu ni jicho. Gurami wa buluu!" Mara cheko likamfutika usoni. "Mama, kitendawili hiki alinitegea mtu mmoja tu: mumeo ni Abbasi wa karakana? Yule mwenye koti refu? Kila mwezi alikuja kuchukua wawili, watatu. Nilidhani anawauza."

Redio iliendelea kuimba. Bi Kuruthumu aliliona lile koti, mwezi baada ya mwezi, limeloa ubavuni hata siku zisizo na mvua. Nyumba nzima ilikuwa ikisifu jinsi samaki wa Abbasi wasivyokufa.

Akaazima kioo. Wakarudi, Severa amebeba wale wawili wa lulu.

Ukumbini alikisimamisha kile kioo mbele ya tangi. Stesheni hakungoja. Alikuja kama garimoshi lililokatika breki, akajigonga, akarudi, akajigonga tena.

"Hukuwatilia kitu, mwanangu," alisema Bi Kuruthumu.

"Sikuwatilia kitu, Bi."

"Nimekukosea. Nisamehe."

Severa akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Tumpeleke Feri basi, tumtose baharini?"

"Maji ya chumvi yatamuua. Kwani mpangaji mkorofi hutoswa? Hupewa chumba chake."

Akamhamishia Stesheni kwenye chupa kubwa ya peremende, akaiweka chumbani mwake dirishani. Wale wa lulu wakaachiwa ukumbi. Alasiri ile mawimbi yalirudi darini, na hatua za watu zikawa zinakoma moja baada ya nyingine penye tangi, nje ya mlango wake.

Bi Kuruthumu alijilaza, akamtazama Stesheni akipuliza mapovu na kuyapanga juu ya maji kama anayetandika kitanda.

"Miaka yote ile, Abbasi," alinong'ona. "Na koti lako."

Akainuka, akachovya kidole chenye chembe ya yai. Stesheni akaja, akala, kisha akaking'ata kidole chenyewe. Bi Kuruthumu akacheka peke yake, asikitoe.