Ardhi Iliyoonja Jua Mara Moja

Nyumba ya jirani yangu haijui kufunga mlango. Tumepakana ukuta, na ikishaswaliwa magharibi mimi sina habari tena na kwangu. Nabeba kigoda changu nahamia kwao, maana ndiko kwenye chai na ndiko kwenye maneno. Na kwenye vitendawili vya dini. Sheria yao ni moja: ukishindwa kujibu, hutoi mji kama watu wengine, unaosha vyombo.

Mchezo huo aliuanzisha marehemu mume wa jirani. Alikuwa akimtegea binti yake, tuliyempa jina la Chiriku kwa kusema kwake, kisha jibu analikalia mpaka kesho ili mtoto alale nalo kichwani. Cha mwisho alimtegea akiwa kitandani hospitali: ardhi gani iliyopigwa na jua mara moja tu, si kabla wala si baada? Akamwambia, njoo kesho nikupe jibu. Kesho hiyo hakuifikia.

Baada ya muda jirani akaolewa na fundi wa makochi, mtu mpole, vidole vimejaa gundi. Mimi nilifurahi mpaka nikashona nguo. Chiriku hakufurahi. Hakumtukana wala hakumnunia. Alimnyima maneno tu. Salamu aliitikia kwa kuwa dini imemlazimu. Ila kila jioni, chai ikishanywewa, anamgeukia yeye peke yake.

"Kitendawili."

"Tega," Fundi anasema.

Ni kilekile, ardhi na jua. Sisi wengine hatukukijua, na aliyetaka kwenda kumuuliza mwalimu wa chuoni Chiriku alimkataza: cha baba hakitembezwi nje. Fundi anakuna kidevu, anatazama dari, anasema, "Nimeshindwa, mwanangu." Anakwenda kwenye beseni la vyombo. Mtoto anabaki akimkodolea mgongo, na ule uso mimi niliuita uso wa ushindi.

"Shemeji, hata leo?" anamchokoza mjomba wa mtoto, kaka yake jirani. "Utayasugua masufuria mpaka yatoboke."

Siku moja mama mtu akamtuma Chiriku ampelekee Fundi chakula cha mchana. Nikajitia nina kigoda cha kutengenezwa, nikafuatana naye. Miguu yangu haikai ndani. Tulipokaribia mlango wa karakana tukasikia sauti ya mjomba.

"Hebu niambie ukweli. Kila alfajiri uko na msahafu. Kitendawili cha mtoto kinakushindaje?"

Fundi alikuwa ameshikilia misumari kwa midomo, ndivyo wanavyofanya kazi. Akaitemea kiganjani.

"Nakijua tangu siku ya kwanza."

"Na vyombo?"

"Jibu lile aliahidiwa na baba yake. Mimi nani nimpokonye marehemu? Halafu, shemeji, ndilo neno pekee analonipa kwa siku nzima. Nikimjibu, kesho ataniambia nini?"

Chiriku akaweka chakula kizingitini taratibu, akanivuta kanga. Tukarudi, kigoda changu mkononi vilevile.

Jioni chai ikanywewa.

"Kitendawili."

"Tega."

Akatega. Fundi akapeleka mkono kidevuni.

"Usishindwe leo," Chiriku akasema, sauti ndogo. "Baba hakuwahi kuniambia. Mimi mwenyewe silijui."

Kikombe cha mjomba kikabaki hewani. Kumbe ule haukuwa uso wa ushindi. Mtoto alikuwa anaomba.

Fundi akasogeza kiti chake. "Sitakupa jibu. Tutalifuata wote. Nabii gani alifika mahali bahari iko mbele, jeshi liko nyuma?"

"Nabii Musa."

"Watu wake wakasemaje?"

"Wakasema tumeshakamatwa."

"Na yeye?"

"Akasema hapana, Mola wangu yuko nami, ataniongoza."

"Kisha?"

"Kisha akaipiga bahari kwa fimbo, maji yakasimama huku na huku, wakapita pa..." Akainua kichwa. "Wakapita pakavu. Chini kabisa ya bahari. Jua likapapiga, halafu maji yakarudi."

"Ndipo hapo."

"Kwa nini alinitegea hicho, pale hospitali?"

Fundi akamwinamia. "Baba yako sikumjua. Ila mtu aliyelala kitanda kile hamwachii mwanawe kitu ovyo. Nadhani aliona bahari inayokuja mbele yako, akataka ujue kuwa Mungu hupitisha watu hata hapo."

Chiriku akalia, kilio kisicho na sauti, mama yake akamkumbatia mpaka kikaisha. Mjomba, ambaye ukimya humwasha mwili, akauliza, "Sasa leo nani kashindwa? Vyombo vile pale."

Fundi akainuka kwa mazoea, akaenda kwenye beseni. Chiriku akachukua kitambaa cha kukaushia, akaenda kusimama ubavuni mwake.

"Kunja mikono ya shati, Fundi," akamwambia. "Kila siku inalowa."