Buti za Jumamosi

Picha nilizipeleka mimi mwenyewe. Hakuna aliyenituma. Nalisema hili mwanzo ili nikifika kwa wakubwa wa ofisi ya udhamini nisionekane mtu wa kutafuta pa kutupia lawama. Yangu ninayo, nimeibeba. Yao pia wanayo, ila wao wana watu wa kuwabebea.

Binti yangu anasoma nje ya nchi, mwaka wa pili, mambo ya kusafisha maji. Hakuyaota usingizini. Mama yake alikufa kwa kipindupindu mwaka ule bomba kubwa la mtaa wetu lilipopasuka, likaachwa miezi minne limefungwa kwa kipande cha mpira na ahadi. Nilikwenda ofisi ya maji mara sita. Kila mara naambiwa hiyo ni idara nyingine. Mara ya saba nilikwenda kuomba gari la kubebea maiti. Binti alikuwa na miaka kumi na tano. Alipomaliza kufua shuka za mama yake aliniambia, "Baba, mimi nitayasomea haya maji." Akasoma kweli, hadi akapata udhamini.

Mimi ni fundi viatu. Shule niliishia darasa la nne. Alipokuwa anaondoka nilimshonea buti, ngozi juu ya ngozi, soli nene, uzi nikaupaka nta kwa mkono wangu. Nikamwambia, "Mama," maana ana jina la mama yangu na sijamwita vingine tangu azaliwe, "hizi ni za miaka mitatu. Zikiisha kabla, ujue baba yako kazeeka."

"Au ujue nimecheza mpira," akasema.

Kila Jumapili jioni alinitumia picha na ujumbe wa sauti. Habari za darasani zilikuwa fupi: mwalimu mmoja anayeongea na ubao utadhani wanafunzi wamechorwa humo, chumba cha kupimia maji, ambako wote wanavaa makoti meupe kama wauza nyama, jaribio la kila Jumatatu saa mbili asubuhi. Za mwisho wa wiki ndizo zilikuwa ndefu. Jumamosi hii tumepanda mlima. Jumamosi hii tumekwenda kwenye maporomoko. Jumamosi hii tumezunguka ziwa, tumelala kwenye mahema. Kila picha anacheka, meno yote nje, mama yake kabisa. Nilizisafisha studio, nikazibandika juu ya benchi langu. Watu wakawa wanakuja na viatu vizima kabisa, wapate tu sababu ya kuzitazama.

Sasa kosa langu. Niliona si adabu mtoto afurahie kwa mkono wa watu nami nikae kimya. Nikatia picha kumi na moja kwenye bahasha, nikaenda ofisi ya udhamini kushukuru. Pale kuna karani, sisi wazazi tunamwita Bwana Faili, kwa sababu ukimuuliza lolote faili halijafika. Siku hiyo lilifika upesi.

"Mzee, hizi za lini?"

"Za kila Jumamosi, mwanangu. Mungu awazidishie. Mtoto anafurahi."

"Kila Jumamosi?"

"Hakosi hata moja!"

Akaandika jina la binti nyuma ya kila picha, mwandiko wa kupendeza. Nami nikajiona nimeheshimiwa.

Baada ya wiki tatu ikaja barua. Fundi cherehani wa jirani alinisomea mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani amekosea mstari. Alama za Jumatatu zimeshuka. Mfadhiliwa anatumia muda wa masomo kwa matembezi ya anasa. Mzazi afike mbele ya kamati aeleze kwa nini udhamini usisitishwe.

Sikumpigia binti. Nilijiambia ana mitihani, hili nitalimaliza mwenyewe kiume. Nikakaa na picha iliyobaki ukutani, ile ambayo sikuipeleka kwa kuwa amekaa vibaya: yuko juu ya jiwe, kanyoosha miguu, soli zimeelekea kwa mpiga picha. Nilikuwa nimeitazama miezi mitatu nikiona meno tu. Siku hiyo nikatazama soli.

Kiatu cha mtembezi huliwa pembeni ya kisigino, nje. Kiatu cha mbeba mizigo kinaliwa kisigino chote sawasawa, na ngozi inatumbuka ubavuni, kwa sababu mguu ukielemewa hutanuka. Ninavishona kila siku vya wapagazi wa sokoni, navijua hata gizani. Soli niliyoipa miaka mitatu ilikuwa imebaki unene wa karatasi. Na nyuma ya jiwe, pale nilipodhani ni vichaka, mabegi. Nikahesabu manane.

Hakuwa anatembea. Alikuwa anawabebea wanaotembea.

Mungu anisamehe, pamoja na uchungu wote nilifurahi. Nikasema, nimempata wakili.

Kamati ilikuwa ya watu watatu, na Bwana Faili pembeni akiandika. Mwenyekiti ni mama mmoja wa sauti laini, miwani inaning'inia kifuani kwa mnyororo. Niliweka picha mezani, na pembeni yake jozi ya viatu vya mpagazi.

"Mzee kaja kutupigia viatu rangi?" akasema mmoja. Wakacheka.

"Waheshimiwa, kitabu sikijui, lakini kiatu nakisoma," nikawaambia. Nikawasomea. Kisigino, ubavu, soli. Mama mwenyekiti akavaa miwani, akainua kiatu cha mpagazi, akalinganisha na picha. Wakubwa wengi nimesimama mbele yao. Huyu alikuwa wa kwanza kunisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo unasema binti yako hatembei."

"Hatembei, mama! Anabeba. Tazama mabegi haya."

"Anabeba kwa malipo?"

"Sasa mama, nani atapandisha mlimani begi la mtu bure?"

Nililisema hilo natabasamu, kama mtu anayetupa karata ya mwisho. Kalamu ya Bwana Faili ikakimbia.

Mama mwenyekiti akavua miwani. Akafungua mkataba wa udhamini, kurasa saba, nilioutia sahihi pale kidole cha karani kilipoelekeza. "Kifungu cha tisa. Mfadhiliwa hatafanya kazi yoyote ya malipo. Akifanya, udhamini unakoma." Akanionyesha jina langu chini. "Mzee, kwa matembezi tungempa onyo tu. Barua ile ni ya kawaida, tunawaandikia wengi. Ila hili umelisema mwenyewe, na limeandikwa."

"Posho yake mnampelekea?"

Mmoja akaanza kukusanya karatasi zake.

"Nauliza, huko anakula nini?"

"Posho," akasema mama mwenyekiti kwa ile sauti yake laini, "hiyo ni idara nyingine."

Nikatoka na viatu vya watu mkononi. Nikakaa kwenye ngazi za nje, nikampigia. Akapokea anahema.

"Baba! Nimetoka darasani sasa hivi! Leo nimechuja maji ya mtaroni mpaka yakawa meupe, baba, ukiyatia kwenye glasi hujui kama yamo. Yule mwalimu wa ubao kageuka! Kaniuliza jina!"

"Mama," nikasema, "Jumamosi unabeba mabegi mangapi?"

Nikasikia viatu vya watu vikipita huko kwake, kwenye sakafu ngumu.

"Nani kakwambia?"

"Buti."

Akacheka kidogo, kisha si kicheko tena. "Posho haijaingia tangu mwezi wa pili. Ningekwambia ungeuza vifaa vyako, nakujua. Jumatatu nasinzia kwenye jaribio, lakini nafaulu, baba, nafaulu kwa kuchechemea. Umebaki mwaka mmoja. Ila sikiliza. Usimwambie mtu. Wale wa udhamini wakijua, nimekwisha, wananirudisha na ndege ya kwanza. Umenisikia? Hata fundi cherehani, yule mdomo wake hauna zipu. Hujamwambia mtu, eti?"

Bwana Faili akatoka mlangoni, faili kwapani, akanipita pale kwenye ngazi kuelekea jengo la pili ambako barua hupigwa muhuri. Alinisalimia vizuri tu. "Shikamoo, mzee."

"Baba? Upo?"

Nilikuwepo.

"Baba?"