Mkubwa Ndiye Anayeanza

Alasiri ya Jumamosi, katika bweni la wanafunzi wa kigeni mjini Seoul, Edigna Komba alijilaza apumzike kidogo, usingizi ukamchukua, akaota amefika kwenye mgahawa wa supu ya soya.

Edigna ni afisa ugani wa Mbinga. Alikuwa amepelekwa Korea miezi minne kujifunza usindikaji wa soya. Wiki ya tatu mama yake alifariki, akazikwa kesho yake, kabla ndege yoyote haijaweza kumfikisha nyumbani. Walimu walimpa pole na ruhusa ya siku moja, lakini yeye akaenda darasani. Tangu hapo chakula kilikuwa kikimkwama kooni.

Mlangoni pa mgahawa pana kibao cha kuwataka wageni wavue viatu. Edigna anavua. Viatu vinamshukuru, vinaaga kwamba vyenyewe vinatangulia Mbinga, kisha vinashuka ngazi kimoja baada ya kingine. Edigna anavitazama mpaka vinakata kona. Anajilaumu tu kwamba hakuvipiga brashi.

Ndani watu wameketi sakafuni kuzunguka meza fupi. Sakafu ina joto. Mbele ya kila mtu kuna kijungu cha jiwe kinachotokota supu nzito ya kahawia, yenye vipande vya tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, na harufu kali ya soya iliyochachushwa miezi mingi. Pembeni kuna bakuli la wali na visahani vya kabichi ya pilipili. Hakuna anayekula.

Mwenye mgahawa, mama mnene mwenye aproni ya zambarau, anamweleza kwamba kwa desturi ya hapa mkubwa ndiye anayeanza kushika kijiko. Edigna anauliza mkubwa ni nani. Mama huyo anaelekeza viganja vyote viwili kwenye jungu refu la udongo lililokaa mahali pa heshima mezani, limejaa soya tangu enzi za bibi yake.

"Shikamoo," anasema Edigna.

"Marahaba, mwanangu. Unatoka wapi?"

"Mbinga."

"Mbali," linasema jungu.

Linaeleza bila haraka kwamba lina miaka tisini na miwili na halijawahi kula, kwa sababu ndani limeshajaa. Kwa hiyo watu wanasubiri. Bwana Han, aliyeketi kulia kwa Edigna, anasema aliingia hapa kula chakula cha mchana alipokuwa bado hajaoa. Sasa ana wajukuu wanne, nao wameshaagiza. Anasema jambo zuri ni kwamba supu haipoi.

Edigna anauliza kama hakuna mkubwa mwingine yeyote.

"Waliokufa," linasema jungu. "Mtu akishakufa anatuzidi sote. Lakini hawaji bila kuandaliwa."

Mwenye mgahawa anashusha sauti. Anasema ndiyo maana mtu hachomeki kijiko wima katikati ya wali, kwani anayefanya hivyo amemwandalia marehemu.

Edigna anachomeka kijiko wima katikati ya wali.

Ukuta wa nyuma unakuwa jiko la kwao, na moshi wake. Mama yake anatoka humo akijifuta mikono kwenye kanga, anawasalimu watu wote, anaketi. Anainusa supu.

"Hii soya mmeiacha ikaoza makusudi?"

Jungu linakiri kwamba ndivyo.

"Haya," anasema, na anakula.

Mgahawa mzima unashika vijiko. Bwana Han anakula huku machozi yakimtoka, anasema chumvi imekolea. Edigna naye anakula, na supu inapita kooni bila kukwama. Anapofika nusu ya kijungu anaweka kijiko chini.

"Mama, sikuja kukuzika."

"Hata mimi nilikuwepo tu kwa sababu ilibidi," anasema mama yake. Anamtazama kichwani. "Utakwendaje msibani na nywele timutimu? Sogea."

Anamsuka twende kilioni, ule msuko wa harakaharaka wa wanawake wanaowahi msiba. Mstari wa kwanza unapoisha, wako nje barabarani. Wa pili unapoisha, wanapita katikati ya mashamba ya kahawa. Mama anatembea nyuma yake, anasuka.

"Unavuta sana, Mama."

"Tulia."

Mstari wa tatu unawafikisha kaburini. Udongo bado mbichi. Wateja wa mgahawa wamesimama, vijiko vifuani. Edigna anachota udongo kwa mkono, anautupia kaburini. Mikono iliyokuwa kichwani mwake inamwachia.

Alipoamka jua lilikuwa bado dirishani. Alikaa kitako. Kichwa kilimuuma upande mmoja, akapeleka mkono. Upande wa kushoto ulikuwa umesukwa mistari mitatu, imekazwa sana, ncha zimefungwa kwa uzi mweusi. Upande wa kulia haukuwa umeguswa.