Mkalimani wa Galaksi

Chiku alikubali ukalimani kwa nia mbaya, na wala hakujidanganya. Bintiye Lerato, mtaalamu wa nyota, alikuwa amepata kazi ya miaka mitatu huko Chile, kwenye darubini kubwa, na safari ilikuwa Jumamosi. Wiki nzima waligombana nyumbani Kensington, hadi wakawa wanapishana jikoni bila salamu. Sasa walikaa bega kwa bega kwenye kijistudio cha redio ya Kiswahili, Yeoville, juu ya saluni. Lerato alizaliwa hapa hapa Johannesburg. Kiswahili anakisikia, ila hakisemi. Angejibu kwa Kiingereza, mama atafsiri. Kina mama wote wa Tanga waliomo mjini walikuwa wanasikiliza, na hilo ndilo Chiku alilolitegemea. Likishatangazwa mbele yao kwamba Lerato habanduki, atapanda ndege kwa uso gani?

Parfait, mtangazaji Mkongomani, aliuliza habari za hiyo galaksi anayoichunguza. Lerato alieleza kwamba haina jina, ina namba tu, na ni jirani yetu, ingawa mwanga wake husafiri miaka milioni kumi na mbili kutufikia. Ina mikono ya nyota, na katikati imepita boriti nene ya nyota inayosukumia gesi ndani, kwenye kiini. Mpaka hapo Chiku alitafsiri kwa uaminifu, tena kwa mbwembwe.

"Na mu kiini muko nini, Mama?" Parfait akauliza.

Lerato alimtazama mama yake badala ya maikrofoni. Alisema mna shimo jeusi linalomeza kila kinacholisogelea, na kwa kuwa limefunikwa na vumbi, aliye nje huona utulivu mtupu. Chiku alichomwa. Alijua vizuri shimo hilo ni nani.

"Anasema katikati ni pazuri mno," akatafsiri.

Parfait akaulizia Chile. Lerato akajibu kwamba anaondoka Jumamosi. Chiku akaisogeza maikrofoni kwake.

"Anasema kazi ameikataa. Tangu baba yake afariki, hawezi kuniacha peke yangu."

Parfait hakumaliza kupongeza. Lerato aliinyakua maikrofoni.

"Mama anasema uongo," alisema. "Mimi naenda. Na nikirudi, sirudi kwake."

Kilikuwa Kiswahili safi cha Tanga, lafudhi ya Chiku mwenyewe. Miaka thelathini alimbembeleza mtoto huyu amsemeshe kwa lugha yake, na leo alitamani angekuwa bubu. Parfait, kwa mazoea, alimgeukia akingoja tafsiri.